Mkate wa Senti Kumi na Mbili

"Mkate ni bei gani?"

Aliyeuliza ni Bibi, mbele ya mgeni, na aliyeulizwa ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wa tatu wa chuo kikuu, mwenye msimamo kuhusu benki kuu, kuhusu Mungu na kuhusu ratiba ya mabasi ya Toronto. Mkate uliokuwa pale mezani nilikuwa nimeununua mwenyewe. Nilikuwa nimegusisha kadi kwenye mashine, mashine ikalia, nikaondoka zangu. Bei sikuitazama.

"Umeona?" Bibi akamwambia mgeni kwa Kiingereza. "Huyu ana akili zake zote na hajui."

Mgeni alitabasamu kwa adabu. Alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na soksi zake zilikuwa na picha za paka. Kazi yake ilikuwa kupima kama mzee bado anaweza kuishi kwake au sasa ahamishiwe kwenye nyumba ya wazee. Dakika moja kabla, alikuwa amemuuliza Bibi swali lilelile, na Bibi alikuwa amejibu upesi, mgongo wima, kwa sauti ya mwanafunzi aliyesoma: senti kumi na mbili.

Na petroli? Senti thelathini na tatu kwa galoni. Stempu ya barua? Senti sita.

Kila Bibi alipojibu kwa uhakika zaidi, kalamu ya mgeni ilikwenda kasi zaidi. Mimi nilijua bei zile zimetoka wapi. Zilikuwa bei za Ohio, Marekani, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilizisikia tangu utotoni. Nilichokuwa sijui ni kwa nini zinatoka mdomoni mwake leo, kwenye ghorofa ya tisa ya jengo letu la Dixon Road, mbele ya mtu mwenye fomu.

*

Babu alipata nafasi ya kusomea kilimo Ohio, akiwa kijana, na Bibi akamfuata akiwa na miaka ishirini na sanduku moja. Walikaa miaka miwili na nusu, kisha wakarudi Morogoro, na tangu siku ile Babu alikuwa na hadithi moja tu maishani. Magari marefu kama sebule. Sinema unayoitazama ukiwa umekaa ndani ya gari lako, na spika umeitundika dirishani. Chupa za maziwa zinazoachwa mlangoni asubuhi na hakuna anayeziiba. Wanaume wenye nywele ndefu kuliko wake zao. Na bei! Babu alizitaja bei kama watu wengine wanavyotaja majina ya watoto wao. Alipozisahau, Bibi alimkumbusha kutoka jikoni.

"Mkate?"

"Senti kumi na mbili."

"Mnasikia? Senti kumi na mbili! Mkate mzima!"

Mimi nilizaliwa na ubishi. Nilipofika umri wa kusoma magazeti, nilianza kumhoji. Kama kila kitu kilikuwa rahisi namna ile, mbona mlirudi na masanduku mawili na mashine ya kubanika mkate? Hao watu wazuri wanaowaachia maziwa mlangoni, mliishi nao mtaa mmoja? Chuoni baadaye nilisoma habari za miji ya Marekani iliyowaka moto kwa ghasia za ubaguzi miaka ileile. Kwenye hadithi za Babu hakikuwaka kitu isipokuwa taa za sinema.

"Huyu mke wangu mdogo ni polisi," Babu alikuwa akisema, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na Bibi mpaka leo huniita mke mwenzangu.

Bibi hakuwa na hadithi kubwa kama za mumewe. Zake zilikuwa ndogo na zilikuwa na mikono na miguu. Alishona gauni fupi kwa kuiga picha ya gazetini, akalivaa Ohio majira mawili ya joto, akarudi nalo nyumbani wakati ambao vijana wa chama walikuwa wakiwasimamisha wanawake barabarani kwa sababu ya magoti yao. Akashonea kipande cha kitenge chini. Lilikuwa gauni baya kuliko yote Morogoro, alisema, nusu Ohio nusu soko la mjini, na alilivaa mpaka likachanika kwa sababu hakuna kijana atakayemwambia avae nini akiwa amelipia kitambaa mwenyewe.

Halafu kuna tosta.

Duka la vyakula la mtaani kwao lilikuwa linawapa wateja stempu ndogo kila wanaponunua. Si za posta. Unazilamba, unazibandika kwenye kijitabu, na vijitabu vikifika idadi fulani unakwenda kuchagua zawadi. Bibi alilamba stempu mwaka mzima, mpaka chakula kikawa na ladha ya gundi. Siku ya kuchagua, Babu alitaka redio. Wakati ule muziki ulikuwa ukitoka kila dirisha la mtaa ule, nyimbo ambazo hata mtu asiyejua maneno aliweza kusimama chini ya dirisha la mwenzake akatikisa kichwa, na Babu alikuwa amechoka kusimama chini ya madirisha. Bibi akasema tosta. Waligombana njia nzima. Bibi akashinda.

Kwa nini mwanamke wa miaka ishirini na mmoja aache redio achukue mashine ya kubanika mkate? Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Waliporudi Morogoro, fundi wa umeme aliigeuzageuza akasema umeme wa huku ni mkali mno kwake, ukiichomeka itaungua. Ikakaa kabatini imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa zaidi ya miaka thelathini. Bibi akawa anabanika mkate juu ya jiko la mkaa. Mama yangu na Mjomba walikua wakiamini kwamba mkate usiobanikwa haujaiva, na sisi wajukuu tukarithi imani hiyo bila kuambiwa sababu. Bibi ana jina lake: mkate mbichi. Ukimkuta mtu wa ukoo wetu anakula mkate mbichi, ujue amegombana na mtu.

Halafu watoto wakahamia Kanada, Babu akafa, Bibi akawafuata. Kwenye sanduku lake la mkono ilikuwemo tosta. Alifika Dixon Road mchana, akala, akaoga, akaichomeka ukutani. Umeme wa Toronto ni mpole kama wa Ohio. Nyaya zikawa nyekundu.

*

Tosta hiyo ndiyo iliyoleta mgeni mwenye soksi za paka.

Springi yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo haikuweza kuurusha mkate juu. Ilibidi mtu asimame hapo na kuutoa kwa mkono. Asubuhi moja ya Februari zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa naishi na Bibi kwa sababu chuo kilikuwa ghali na mama yangu alikuwa amerudi Tanzania kikazi. Nilikuwa kwenye simu, nabishana na mwenzangu wa darasa juu ya insha ambayo leo siikumbuki hata kichwa chake. Moshi ulipofika sebuleni, kengele ya moto ilikuwa tayari inalia, na si ya kwetu tu. Jengo zima lilishuka kwa ngazi, watu na watoto na paka ndani ya mabegi, kwenye baridi ile ambayo pua inaganda kabla hujafunga zipu. Bibi alishuka ghorofa tisa kwa kanga na koti juu yake, hana hofu hata kidogo, akimwambia kila aliyemkuta, "Ni mkate tu, ni mkate tu."

Wenye jengo walimpigia simu Mjomba, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye mkataba. Mjomba ni mhasibu, anakaa Don Mills, upande mwingine wa jiji, na ana tabia ya kuingia ndani akiwa bado ameshika funguo za gari.

"Shikamoo, Mjomba. Ni mimi niliyeunguza."

"Marahaba. Usimkingie kifua bibi yako."

"Simkingii kifua. Nilikuwa kwenye simu."

"Mpwa wangu, una moyo mzuri."

"Sina moyo mzuri! Nakwambia kilichotokea!"

Hakuniamini. Mtu akiwa na miaka zaidi ya sabini na kitu kikaungua jikoni, jambo limekwisha kuamuliwa. Na nisimsingizie Mjomba ubaya. Alikuwa anaogopa. Mimi nilikuwa darasani siku nne kwa wiki, na yeye alikuwa anafanya kazi huku simu ikiwa juu ya meza, uso wake juu, akisubiri ilie. Karibu na kwake palikuwa na nyumba ya wazee yenye bustani na wauguzi. Alikuwa ameshaitembelea mara mbili bila kutuambia. Aliomba Bibi apimwe, na fomu ikaja, na kwenye fomu palikuwa na kisanduku: je, mzee atahitaji mkalimani?

Mjomba aliweka alama kwenye Hapana. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikaona. Tusingeweza kuweka alama nyingine. Mama yake, bibi yangu, ndiye mwanamke ambaye kule Morogoro alikuwa akiitwa kila Mzungu alipofika na hakuna aliyemwelewa. Kiingereza chake kilikuwa fahari ya nyumba yetu, kama watu wengine walivyo na fahari ya ng'ombe.

*

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mjomba aliisoma kwa sauti sebuleni kwetu Jumapili baada ya ibada. Bibi alikuwa amevaa nguo za kanisani bado. Ilisema amechanganyikiwa kuhusu wakati. Ilisema hawezi kufanya manunuzi peke yake salama. Ilishauri ahamie mahali penye uangalizi.

"Hawezi kufanya manunuzi?" nikasema. "Bibi?"

Hapa lazima nieleze. Bibi ndiye aliyekuwa karatasi ya matangazo ya Dixon nzima. Kila Alhamisi karatasi za bei za maduka zilipotupwa kwenye chumba cha masanduku ya barua, alishuka kuzichukua, akakaa nazo mezani na kalamu nyekundu. Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili, kina mama walimzunguka. Sembe iko wapi wiki hii? Kuku wazima? Aliwapa duka, bei, na onyo. Yule wa kwenye kona anapunguza bei lakini anapunguza na uzito.

Nikachukua karatasi ya wiki ile, yenye duara zake nyekundu, nikaitupa mapajani mwa Mjomba.

"Hizi kazichora nani?"

Mjomba akaitazama. "Sasa mbona alimwambia yule mama senti kumi na mbili?"

Sote tukamgeukia Bibi. Akavuta kanga yake.

"Aliniuliza," akasema.

"Alikuuliza bei ya mkate, Mama."

"Ndiyo. Nikamjibu."

Ilichukua mchana mzima na chai mara tatu mpaka nikaelewa, na nilielewa kwa sababu nilimkera kwa maswali mpaka akakasirika. Ohio walipanga vyumba viwili kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya mjane mmoja Mmarekani mweusi, mama mtu mzima aliyekuwa akifulia watu nguo. Bibi hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Babu alikuwa chuoni toka asubuhi mpaka jioni. Yule mjane ndiye aliyemfundisha, kwenye ngazi za mbele ya nyumba, kwa kitabu pekee alichokuwa nacho: karatasi ya matangazo ya duka la vyakula, iliyokuja mara moja kwa wiki. Palikuwa na picha ya kitu na bei yake. Yule mama alishika penseli, akagonga picha, akauliza: Mkate ni bei gani? Bibi akajibu. Maziwa ni bei gani? Bibi akajibu. Akikosea, penseli ilimgonga kidoleni. Siku za Jumapili alimruhusu kuja chini kutazama televisheni, waimbaji wenye suti zinazometameta, na hapo hakukuwa na masomo.

"Miaka miwili na nusu," Bibi alisema. "Kila wiki. Hata leo ukiniuliza kwa Kiingereza, kile kinachotoka ndicho kile. Ni kama Baba Yetu. Mtu akianza, unamalizia."

"Lakini unajua ni bei gani leo?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Dola tatu na arobaini na tisa. Kwa wale wa karibu na kituo cha basi, tatu na tisini na tisa, wezi wale."

Mjomba aliweka funguo mezani. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifanya hivyo nyumbani kwetu.

*

Siku ya pili nilipiga simu kwenye ofisi ile. Nilisubiri na muziki wa kinanda, nikahamishiwa, nikasubiri tena, nikahamishiwa kwa mtu aliyenirudisha kwa wa kwanza. Niliwaambia wamempima mtu kwa lugha aliyojifunza kwa karatasi ya matangazo ya duka. Niliwaambia haki zetu, na nusu ya hizo haki sikuwa na uhakika nazo, lakini nilizisema kwa sauti iliyonyooka. Nilisema kwamba kama na mimi ningepimwa siku ile, mimi pia ningehamishwa, kwa sababu bei ya mkate sikuijua. Hatimaye mtu mmoja aliyechoka akasema kipimo kinaweza kurudiwa, mara moja, na mkalimani, ndani ya mwezi mmoja. Ila mzee mwenyewe ndiye aombe, kwa saini yake.

Nilifikiri vita vimekwisha. Vilikuwa havijaanza.

"Mimi nitafsiriwe?" Bibi akasema.

"Ni kwa ajili ya fomu tu, Bibi."

"Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Wazungu wa shamba la mkonge, wa misheni, wa mradi wa maji. Leo nikae hapa, mtu aniambie 'anasema habari za asubuhi'?"

"Hakuna atakayekucheka."

"Mimi nitajicheka."

Nilijaribu kila kitu. Nilimweleza nilichosoma kuhusu kumbukumbu na lugha, akaniuliza nimelipia kiasi gani kusoma hayo. Nilimwambia bustani ya ile nyumba ya wazee imejaa theluji miezi mitano, akasema na hapa pia. Siku tatu hakusaini. Fomu ilikaa chini ya sumaku kwenye friji, na kila nilipopita niliona mstari wa saini uko mtupu.

Siku ya nne nilirudi kutoka chuoni mapema, nikamkuta dirishani akitazama ndege zinavyoshuka kuelekea uwanjani. Zinashuka chini sana hapo kwetu. Unaweza kusoma maandishi ya ubavuni.

"Kule kwa wazee, karibu na kwa Mjomba wako," akasema bila kugeuka, "kuna anayesema Kiswahili?"

"Hakuna."

"Nitaongea nao nini? Nitawaambia bei ya maziwa?"

Nikakaa chini. Miaka yote ile, hata siku moja hakuwa amekubali mbele yangu kwamba kuna kitu kwenye Kiingereza asichokijua.

"Mimi najua kuuliza na kujibu," akasema. "Najua kumwambia Mzungu bomba liko wapi. Kuongea na mtu mpaka jioni, sijui. Hata yule mama wa Ohio, tulikuwa tunakaa tu. Nilikuwa nataka kumwambia mambo mengi. Nilimwambia bei."

"Basi saini, Bibi."

"Unataka niwaambie watu kwamba sijui."

"Nataka ubaki hapa."

Akanyoosha mkono. Nikaifuata fomu kwenye friji, nikatoa sumaku. Alisaini kwa herufi kubwa kubwa, akasukuma karatasi kwangu kana kwamba inanuka.

"Mke mwenza mkorofi sana alinichagulia yule mzee," akasema.

*

Mgeni alirudi na soksi nyingine, za mistari. Mkalimani alikuwa kwenye simu, spika imewashwa katikati ya meza karibu na sukari. Alikuwa Mkongo. Sauti yake ilikuwa nzuri, nzito kama ya mhubiri.

"Jambo, mama! Habari yako? Sasa madame anauliza, mukate bei yake ni ngapi?"

Bibi alitazama simu. Akanitazama. Nikaomba kimyakimya asianze kumsahihisha Kiswahili chake.

"Wewe baba ni wa wapi?"

"Mimi ni wa Bukavu, mama."

"Karibu. Mkate."

"Mukate, ndiyo."

"Haya. Mkate upi? Mweupe au wa ngano nzima? Kuna wenye mbegu, lakini huo ni wa watu wasio na kazi."

Mkalimani akacheka, akatafsiri. Mgeni akasema mkate wowote. Bibi akasema hakuna kitu kinachoitwa mkate wowote. Akataja mweupe kwa duka la chini ya jengo, mweupe kwa duka la kituoni, siku ambazo unashuka bei na siku ambazo wanadanganya kwamba umeshuka. Akaingia kwenye mayai. Akafika kwenye mafuta ya kupikia, na namna walivyopunguza ukubwa wa chupa bila kupunguza bei, na alipandisha sauti, na mkalimani naye akapandisha sauti, "Hata kwetu hapa, mama, hata kwetu hapa!" mpaka mgeni akainua mkono kuomba nafasi.

Aliulizwa siku, mwezi, mwaka. Alijibu. Aliulizwa afanyeje akisikia harufu ya moshi. Alisema kwanza atamwita mjukuu wake aache simu.

Mgeni alinitazama. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. "Ni kweli," nikasema. "Ni mimi niliyeunguza. Nilimwambia kila mtu."

Mwishoni Bibi akaomba mkalimani amuulize mgeni swali. Yeye mkate ananunua bei gani? Mgeni akafikiri. Akasema mume wake ndiye anayenunua.

Barua ya pili ilikuja fupi. Bibi anaweza kubaki. Palikuwa na sharti moja: tosta ya zamani isitumike, inunuliwe mpya inayojizima. Mjomba alileta mpya siku hiyohiyo, nyeusi, ya plastiki, bado ndani ya boksi. Aliiweka mezani, akatoa funguo mfukoni, akazitazama, akazirudisha. "Nilikosea kile kisanduku cha mkalimani," akamwambia mama yake. Bibi akamwambia akae ale.

Tosta ya Ohio iliwekwa juu ya friji, ikafunikwa kitambaa chake. Mjomba aliposema itupwe, Bibi alimuuliza kama na yeye atupwe siku springi yake ikifa.

*

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Nimemaliza chuo, nina kazi inayonilipa, na bado naishi Dixon na Bibi kwa sababu mshahara wangu na kodi za jiji hili havijawahi kukutana. Sasa hivi bei naijua. Nazijua zote. Hakuna mtu wa umri wangu Toronto anayegusisha kadi bila kutazama, na nikiona mtu mtandaoni akisema zamani kila kitu kilikuwa rahisi, nafunga ukurasa. Hata Bibi nilikuwa nimeanza kumjibu vibaya. Ile senti kumi na mbili yake ilikuwa inaniudhi. Niliona ni hadithi ya Babu bado inaendelea, nchi ya maziwa mlangoni, na sisi huku tunahesabu mayai.

Mwezi uliopita, nikitoka kazini, nilipita kwenye rafu ya nyuma ya duka, ile ya vitu vinavyokaribia kupita muda. Nikachukua mkate wenye kibandiko cha nusu bei. Nilikibandua nusu njiani, kikachanika, kikabaki kipande. Sikutaka Bibi akione. Kwake ingekuwa ni aibu, nilidhani, baada ya miaka yote hiyo Kanada, na shahada juu yake.

Aliona. Aliuchukua mkate, akapitisha kidole gumba juu ya kile kipande cha kibandiko, akauminya ubavuni kama anavyominya parachichi.

"Wa jana," akasema.

"Ni mzima, Bibi. Tutaubanika."

"Ndiyo kazi ya tosta." Akakata vipande viwili, akavitia kwenye ile nyeusi. "Huo ndio tuliokula."

"Wapi?"

"Ohio. Posho ya babu yako ilikuwa ya mtu mmoja, na tulikuwa wawili. Kulikuwa na rafu nyuma kama hiyo. Yule mama wa chini ndiye aliyenionyesha, maana na yeye alikuwa ananunua hapohapo." Akasimama mbele ya mashine, ingawa haihitaji kusimamiwa. "Mkate mpya ulikuwa senti ishirini na tatu. Ndiyo bei iliyokuwa kwenye karatasi, chini ya picha. Siku ya kwanza ya masomo aliikata kwa penseli, akaandika kumi na mbili. Akaniambia, hii ndiyo yako, jifunze hii."

Miaka miwili na nusu Marekani, na bibi yangu hakununua mkate wa siku hiyohiyo hata mara moja.